Mtamba wa Mzee Rukundo

Uvira, 12 Februari 2024

Kwa Mheshimiwa Ngongo Tariki, mbunge
Kinshasa

Mheshimiwa,

Hali yako siulizi. Nilikuona kwenye televisheni siku mlipokaa Bungeni mara ya kwanza, shingo imeijaza kola, kwa hiyo najua unakula vizuri.

Mimi ni Irakiza, mwalimu wa darasa la tano hapa Uvira, binti wa mzee Rukundo wa Nyakabere. Kama jina hilo limekutoka, nitakusaidia. Mwaka 2017 ulikuwa wakili mwenye chumba kimoja na meza ya kuazima pale Mulongwe. Kaka yangu Amahoro alikuwa jela kwa kosa la mtu mwingine, na mawakili wanne walikuwa wamekwisha kumkataa kwa ajili ya kabila lake, pua yake na milima alikozaliwa. Wewe ulimkubali. Ulihangaika wiki saba ukamtoa. Mwezi wa nane baba alichagua mtamba mwekundu zizini kwake, akawapa vijana wawili wamteremshe kwa miguu mpaka uani kwako.

Sasa sikiliza. Tarehe 3 mwezi huu baba alikamatwa sokoni Sange, amebeba chumvi ya mifugo. Wanasema Agosti 2017 alipeleka ng'ombe kwa watu wa bunduki. Shahidi ni bwana mmoja anayeitwa Frédéric. Siku hiyo alikuwa kwenye kizuizi cha barabarani, akawaona wale vijana wakipita na mtamba. Hilo ni kweli, aliwaona. Uongo wake ni mahali mtamba alipofikia. Kati ya wale vijana mmoja amekufa, na wa pili ni mtoto wa shangazi yangu, na ndugu hasadikiwi mbele ya mahakama ya kijeshi. Amebaki mtu mmoja anayeweza kusema mtamba yule alifika wapi, naye ni aliyempokea.

Frédéric alikaa miaka sita bila kukumbuka kitu. Kumbukumbu zilimjia baada ya tarehe 2 Desemba, uliposimama juu ya gari pale Sange ukiomba kura, ukasema: "Mukiona ngombe inapita, muulize: hii iko inaenda kulisha bunduki ya nani?" Watu walipiga vigelegele. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimepanda basi asubuhi kuja kukupigia makofi.

Kwetu mtu akipewa mtamba amekuwa ndugu wa aliyempa, na siku moja naye humrudishia mtamba. Wewe hukurudisha. Wako ulimchinja kwenye harusi yako. Tulipomletea baba habari hiyo alicheka tu, akasema, "Ni muntu wa mu ville, wa mujini, hajui." Basi leo jua. Andika mstari mmoja, utie sahihi: ng'ombe yule nilipewa mimi. Ni hayo tu yanayomtenga baba na kifo cha jela. Ana miaka sabini na sita.

Irakiza, binti Rukundo


Kinshasa, 4 Machi 2024

Bibi,

Barua yako ya tarehe 12 Februari imefika ofisini kwangu na nimeisoma kwa makini.

Naomba uelewe kwamba mbunge hutunga sheria na haingilii kazi ya mahakama. Kesi ikiwa mikononi mwa majaji, neno langu lolote lingeonekana kama shinikizo, nami nilikula kiapo cha kuheshimu mgawanyo wa madaraka. Mzee wako atafute wakili. Akikosa uwezo, sheria inampa wakili wa bure.

Maneno yangu ya wakati wa kampeni yalihusu usalama wa raia wote wa bonde la Ruzizi. Hayakumtaja mtu wala kabila.

Kuhusu madai yako ya kurudishiwa mnyama, kumbukumbu za ofisi yangu ya zamani hazionyeshi kitu cha namna hiyo. Kama unaona una haki, fungua shauri mbele ya mahakama inayohusika.

Pokea salamu zangu za heshima.

Ngongo Tariki
Mbunge wa Taifa


Uvira, 11 Machi 2024

Mheshimiwa,

Kwa hiyo mimi ni Bibi. Mwaka ule ulipokuwa unapanda kwetu na viatu vyako vya jiji vimejaa matope, ulikuwa unaniita mdogo wangu, na mama alikuchemshia maziwa mpaka ukaomba yapoe. Mama amekufa, kwa hiyo hilo nalo huna wa kukushuhudia. Unabahatika sana na watu wanaokufa.

Umesoma sheria, na mimi nafundisha watoto hesabu za mafungu, lakini hata mimi najua kwamba shahidi si mwenye kuingilia. Jirani akiona mwizi akasema amemwona, hajaingilia kazi ya hakimu. Sikukuomba umpigie simu jaji. Nilikuomba useme ulichokipokea kwa mikono yako miwili.

Na sikudai ng'ombe. Soma tena barua yangu. Nilikutajia desturi ili uone aibu, nikasahau kwamba mwanasheria akisikia desturi huandaa utetezi. Zizi la baba limebaki na ng'ombe wanne, wengine wamekwenda na vita, na hata angebaki na mmoja asingekuja kukugongea mlango. Baba hajui kwamba nakuandikia. Kila nikienda kumpelekea ugali ananiambia, "Tulia, Maître yetu iko Kinshasa, anatafuta njia." Maître yetu, wakili wetu. Anasema hivyo mbele ya wafungwa wenzake, na wapo wanaomcheka.

Kesi itasomwa tarehe 17 Mei. Wakili wetu wa bure ni kijana mwema lakini anatetemeka akiona nyota za begani. Ukikaa kimya mpaka siku hiyo, nitajua kwamba maneno ya Sange hayakukuponyoka. Nitajua uliyapima kabla ya kuyatoa, kama unavyopima kila kitu.

Irakiza


Kinshasa, 30 Machi 2024

Irakiza,

Hii naiandika kwa mkono wangu. Simu zinasikilizwa, na sauti nikikutumia leo kesho itakuwa kwenye makundi yote ya WhatsApp, Uvira mpaka Baraka. Bella, dada yangu anayeshika ofisi yangu huko, atakuletea mwenyewe. Soma, kisha uichome.

Unaniandikia kama mtu aliyenifunga kamba kama mbuzi. Hebu nikueleze mimi ni nani, kwa sababu inaonekana ulimwona wakili tu, mtu hukumwona. Baba yangu aliuza kanga Mulongwe miaka thelathini, na baba yake kabla yake, na bado kuna watu mjini wanaotuita wageni tuliokuja na misafara ya chumvi. Nilisoma Bukavu nikilala msikitini. Nilikuwa wakili miaka kumi na moja, nikawatetea watu ambao mawakili wenzangu waliwakimbia, ukianza na kaka yako. Unajua nilipata nini? Mwaka 2018 niligombea. Wapinzani wangu hawakuhitaji hata bango. Walipita Kiliba, Sange, Luberizi, wakasema neno moja tu: huyu ni wakili wa watu wa ng'ombe, amekunywa maziwa yao. Nilishindwa mpaka kwenye kituo cha mtaa wangu. Mama yangu aliacha kwenda sokoni mwezi mzima.

Miaka mitano nilikaa nikifikiri. Unaweza kuwa mtu mzuri usiyeweza kumsaidia yeyote, au unaweza kwanza kuingia ndani. Nilichagua kuingia. Nilisema pale Sange walichotaka kusikia, na nisingesema mimi angesema mwingine na angeshinda yeye. Tangu nifike hapa nimeuliza maswali matatu Bungeni kuhusu barabara ya taifa namba 5 na maji ya Uvira. Aliyekuwa kwenye kiti hiki kabla yangu alilala miaka mitano.

Ndiyo, ng'ombe yule nilimpokea. Ndiyo, nilimchinja kwenye harusi yangu, na nyama yake ililiwa na nusu ya Mulongwe bila mtu kujua ilikotoka. Kwangu alikuwa ujira wa kazi niliyoifanya vizuri. Hakuna aliyeniambia nimeoa familia. Mngeniambia ningemkataa.

Lakini kusema hivyo mbele ya mahakama sitasema. Nikisema leo, jioni itakuwa redioni, na kesho mimi ni yule yule wa 2018, tena mbaya zaidi, kwa sababu watasema nilidanganya. Wataichoma nyumba ya mama yangu. Usinijibu kwamba hawataichoma. Unawajua.

Najua ninyi hamsemi mambo moja kwa moja. Umesema hudai ng'ombe, maana yake unadai. Sawa. Nimemwambia Bella anunue mtamba mzuri na ampeleke Nyakabere kabla ya Aprili kwisha. Baada ya hapo mimi na nyumba yenu tumemalizana, na barua zako sizifungui tena.

T.


Uvira, 29 Aprili 2024

Mheshimiwa,

Utaifungua hii, kwa sababu Bella nimemwambia yaliyomo.

Mtamba alifika. Mwekundu, pembe fupi, macho mapole, umechagua vizuri kuliko nilivyotegemea, au Bella amechagua. Nilitaka kumrudisha siku ile ile. Lakini watu wa Nyakabere walikwisha kumwona akiingia zizini, na kabla sijafika mjini mtoto wa shangazi alikuwa amekwenda jela kumwambia baba.

Sijawahi kumwona baba yangu akilia kwa furaha, hata siku Amahoro alipotoka. Alishika vyuma vya mlango akalia. "Unaona? Nilikuambia. Ameturudishia. Minye na Tariki sasa tuko damu moja." Wafungwa waliokuwa wakimcheka walikuja kumpa mkono, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona mbunge akirudisha kitu.

Nilimpa siku tatu, kisha nikamwambia yote. Nilimsomea barua yako ya tarehe 30, maana sikuichoma. Nilimsomea neno kwa neno, ujira, nyama, tumemalizana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema muntu akiwa na woga anaandika vibaya, lakini anayetuma ng'ombe amesema ukweli wa moyo wake. Akasema hivi, na nakuandikia kama alivyosema ili usidhani naongeza: "Kama hiyo karatasi ikifika kwa juge, minye nitasema ni ya uongo, sikumupa Tariki hata kikombe ya maziwa. Rafiki mwenye kurudisha ngombe, haumutoe kwa basoda na bunduki yabo."

Unaelewa ulichofanya? Kwetu ukipewa mtamba na wewe ukarudisha mtamba, urafiki umefungwa mpaka kwa wajukuu. Aliyekupa hawezi kukusaliti, wala wewe huwezi kumsaliti. Hakuna njia nyingine ya kuusoma mtamba huyo. Wewe umetuma ng'ombe ili kufunga mlango, na mzee ameupokea kama umemfungulia nyumba yako. Ungekaa na ubahili wako, baba angekutaja mwenyewe mbele ya hakimu, hata bila barua, kwa sababu ulikuwa bado mtu aliyepewa tu. Leo hatakutaja. Atapanda pale tarehe 17 na kuufunika uchafu wako kwa blanketi lake.

Wakili wetu anasema mshtakiwa mwenyewe akiikana barua, barua imekufa.

Basi sikuombi tena ushuhuda. Umeniambia huwezi, nimesikia. Nakuomba kitu rahisi zaidi, kitu unachokijua vizuri. Mwandikie baba yangu. Mwambie wewe si rafiki yake. Mwambie kama ulivyoniambia mimi: ng'ombe wa kwanza alikuwa ujira, wa pili ni wa kunyamazisha mtoto wake mwenye mdomo. Mwambie ulichosema Sange ulikimaanisha. Maneno kumi tu, kwa mwandiko wako, yaelekezwe kwake. Akikusikia wewe mwenyewe ukimkataa, ataniruhusu niitoe barua yako mahakamani. Sijawahi kumwomba mtu atutukane. Leo naomba.

Irakiza


Kinshasa, 10 Mei 2024

Kwa mzee Rukundo
Gerezani, Uvira
(Kwa mkono wa Bella)

Mzee wangu mpendwa,

Nimesikia kwa uchungu mkubwa shida iliyokupata. Tangu siku ile ulipoufungua mlango wako kwa kijana wakili asiyekuwa na kitu, nimekuweka moyoni kama baba. Hakuna siku niliyosahau maziwa ya mama Amahoro, Mungu amweke pema.

Mtamba niliyekutumia ni mdogo mbele ya wema wako, lakini naomba umpokee kama mnavyopokea ninyi watu wa milimani, yaani kama neno lisilovunjwa.

Binti yako Irakiza ana hasira, na ni haki yake, ni mtoto anayempenda baba yake. Huenda amekusomea maneno niliyoyaandika siku ya homa. Usiyashike. Wewe mwenyewe unajua mtu ni nani kwa anachokitenda. Naamini utanilinda kama ambavyo mimi nakulinda hapa, kwa njia ambazo siwezi kuziandika.

Mungu akutie nguvu.

Rafiki yako,
Tariki


Uvira, 8 Juni 2024

Kwa Ngongo Tariki
Kinshasa

Haya hapa chini ni ya baba. Ameniita jela leo Jumamosi akaniandikisha neno kwa neno, kwa Kiswahili chake ili uelewe bila kutafsiriwa. Nimeshika kalamu tu. Yangu utayakuta mwisho.

Rafiki yangu Tariki,

Minye Rukundo njo nasema, Irakiza anaandika. Barua yako ilifika kabla ya kesi. Balinisomea mara tatu, ile ya tatu niliomba baisome polepole. Asante. Minye iko muzima. Kifua inauma asubui, lakini humu iko bantu benye kuumwa kunipita.

Balinipa miaka kumi. Usiumie juu yangu. Juge aliniuliza: hii ngombe ulimupa nani? Nikamujibu: nilimupa muntu. Akasema: muntu gani? Nikasema: muntu mwenye kunitolea mutoto wangu, na jina yake haiko ya kuchezea mu midomo. Alikasirika sana. Yule Frédéric alikuwa anaangalia chini. Naye nilimusamehe, siku ile aliona ngombe kweli.

Maneno yako ya Sange balinileteaga, zamani. Nilisema siasa iko kama homa, ikishika muntu anasema bintu, ikitoka anasahabu. Na weye ulipona, ukatuma ngombe. Bengine habaponake.

Ile ngombe iko na mimba. Irakiza anabisha, lakini yeye ni mwalimu, ngombe haijue. Ikizaa jike, ni ya mutoto wako wa kwanza, nimekwisha kusema na bantu ya Nyakabere, hata minye sitakuwako batakupatia. Ukifika Uvira usikuje kuniona huku mu jela. Bantu batakuona, na batakusumbua mu kazi yako. Uende Nyakabere, ukae, ukunywe maziwa.

Rukundo

Sasa yangu.

Nilikuomba maneno kumi ya kweli, ukamwandikia ukurasa wa upendo. Nilisimama mahakamani tarehe 17 na barua yako ya tarehe 30 Machi kwenye mkoba. Baba aliniangalia kutoka kizimbani akatikisa kichwa mara moja, nikakaa chini. Nilikaa, Mheshimiwa. Sijui kama nitajisamehe, lakini kosa lako ndilo la kwanza.

Nilimwambia kwamba barua ile tamu uliiandika ili kumziba mdomo. Akaniambia sina ng'ombe wangu mwenyewe, ndiyo maana sijui watu. Kisha akamwita mchungaji wa jela na kuniapisha mbele yake, mkono juu ya Biblia, kwamba barua yako ya tarehe 30 Machi haitatoka mikononi mwangu maadamu yeye yu hai. Nimeapa, na kiapo cha baba sikivunji. Hakuniapisha zaidi ya hapo, nami sikumkumbusha.

Barua ninayo, na picha zake ziko Bujumbura kwa Amahoro. Daktari wa jela anasema kifua cha baba ni cha kupelekwa hospitali, na kwamba kumhamisha mfungwa kunahitaji neno la mtu mkubwa. Uchaguzi mwingine ni 2028. Mwombee baba yangu maisha marefu.

Irakiza, binti Rukundo